Mlango Uliokuwa na Jina la Ngalula

Yaya Monika,

Sina anwani yako. Mara mbili nimewapa wasafiri barua wakupelekee Mwene-Ditu, na mara mbili sikupata hata salamu. Kwa hiyo hii ya tatu naiacha wazi, aisome anayetaka, wakiwemo majirani zangu wa hapa Kolwezi wanaoniita mzee mwema na kuniletea wajukuu wao niwawekee mkono kichwani. Wakifika mwisho wataacha kuwaleta. Shauri yao.

Usingoje maneno matamu. Wewe dada mkubwa ndiye uliyepewa ulimi nyumbani kwetu, mimi mdogo wako nilipewa mikono. Na nitaanza na gari, kwa sababu nikianza na wewe nitadanganya tena.

Unaikumbuka pikapu ya mume wako. Ya bluu, kuukuu, aliyoinunua kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa anafunga duka arudi kwao. Shemeji alikuwa karani hodari, mtu wa kalamu na tai, lakini kwenye gari alikuwa balaa tupu. Aliiosha kwa sabuni ya unga na brashi ya kusugulia sakafu, juani, saa sita mchana, halafu anashangaa mbona rangi inapauka mpaka ukiigusa inakuachia chokaa mkononi. Nilimwambia, "Mukwe, unaua motokari." Akacheka sana. "Motokari ni ya kubeba unga," akasema, "haiko bibi arusi." Nilimchukia siku ile, nakuambia kweli. Mtu ana gari na hajui kulitunza, na mimi, mpaka rangi wa gereji ya kampuni, mwenye mikono hii, natembea kwa miguu!

Wewe ulikuwa mtu mwingine kabisa. Jumapili baada ya misa ulikunja kitenge chako magotini, ukapanda nyuma na ndoo mbili, tukaipeleka pikapu mtoni. Ulikuwa na jicho, yaya. Ulikuwa unaweka shavu karibu na bati, unaitazama rangi kwa upande, si kwa mbele, halafu unaniambia bila hata kunionea haya: "Umeacha wingu hapa." Wingu, yaani ule ukungu mwembamba unaobaki pasta ya kung'arishia ikikaukia kwenye rangi. Mafundi wote wa gereji yetu hawakuwa wanauona. Wewe muuza samaki wakavu uliuona. Mpaka leo nawafundisha watu kutazama gari kwa upande, na sijawahi kusema nilijifunza kwa nani.

Alipozaliwa Ngalula, baada ya miaka saba ya wanawake wa sokoni kukusema mbele na nyuma, nilifanya kazi moja bila kuombwa. Siku ya ubatizo wake niliichukua pikapu asubuhi mapema, nikaandika jina lake kwenye mlango wa dereva kwa rangi nyeupe, herufi kubwa, zimenyooka, NGALULA, kutoka bawaba mpaka chini ya kitasa. Watu walipiga vigelegele mpaka mbwa wa mtaa wakabweka. Nami nikasimama na glasi ya bia, nikawatangazia wakwe wote waliokaa kwenye viti vya parokia: ninyi watu wa Kasai mnahesabu mtoto kwa baba, lakini sisi Wasanga mtoto ni wa mama, na mwenye neno juu ya mtoto ni mjomba.

Shemeji akasema, "Basi mukwe, akilia tunakuletea."

"Mumulete," nikamjibu. "Ni wangu."

Kila mtu alisikia. Wewe ulilia kwa furaha, poda yote ikakushuka usoni, nikakutania kwamba sasa rangi yako nayo inahitaji fundi. Tulicheka sana siku ile.

Halafu mambo yakaharibika. Mgodi ulibomoka, mishahara ikakatika, kantini ya kampuni ikafungwa, gereji yetu ikabaki na makopo matupu na kalenda ukutani. Askari walivunja maduka na kuondoka na kila kitu mpaka bawaba za milango. Nilikuwa nakula mara moja kwa siku, na mara nyingi hiyo mara moja ilikuwa kwako. Ndipo wakubwa wakapanda kwenye majukwaa na kuwaambia watu wenye njaa ni nani aliyekula sehemu yao. Wakasai. Vijana wa chama wakaingia barabarani wakiimba, wakawaita bilulu, wadudu. Mtu aliyezaliwa hapa, aliyezika baba na mama hapa, akaambiwa arudi kwao, kwao ambako hajawahi kukuona hata kwenye picha.

Mimi sikuimba. Ninakuambia hilo ili usije ukafikiri niliimba. Nilisimama tu kando ya barabara nikatazama, na mtu mmoja aliponipa kipande cha muhogo wa kuchoma nikakila pale pale.

Walipofika mtaa wenu walimpa shemeji mpaka jioni. Wewe walikuambia unaweza kubaki, wewe ni wa hapa, mwache huyo aende. Ukawajibu unamfuata mume wako, na ukaanza kufunga masufuria. Nilikuona mjinga. Nikakuambia hivyo, mbele ya Ngalula, kwamba mwanamke mwenye akili hafuati treni ambayo hata haijulikani itakuja lini. Uliniomba nishike upande wa pili wa shuka mkunje pamoja, nikashika.

Shemeji akaileta pikapu uani kwangu, maana kwenye njia ya stesheni walikuwa wanawanyang'anya Wakasai magari. Alinipa funguo kwa mikono miwili. "Mukwe, unichungie motokari. Bitu bikitulia nitakuya kuichukua."

"Usiogope," nikasema. "Mi niko hapa."

Akaenda kwa miguu na sanduku kichwani, yule mtu wa tai.

Sasa nataka ujue kwamba siku ya kwanza nia yangu ilikuwa safi, au karibu na safi. Kila mtu Kolwezi aliijua pikapu ile, kwa upauko wake na kwa jina lake mlangoni. Ikionekana kwangu vijana wa chama wangekuja kuichukua. Nikasema nitaigeuza sura, iwe kama gari la mtu mwingine, mpaka mwenyewe arudi. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa, na ilinitosha kwa siku mbili.

Nilianza ndani. Nilitoa kiti kizima, nikakisugua kwa sabuni na brashi laini, nikatoa doa la mafuta ya mawese mahali ulipokuwa unaweka sahani yako ya safarini. Unga wa mahindi ulikuwa umeshindiliwa kwenye mishono, nikautoa kwa sindano. Chini ya zulia nilikuta pipi iliyogandia kwenye bati, ina alama za meno ya mtoto. Niliibandua kwa kisu nikaitupa.

Siku ya pili nje. Vumbi letu jekundu kwenye bawaba, kwenye taa, kwenye mianya ya boneti, lote kwa mswaki na mafuta ya taa. Bampa kwa majivu na limau mpaka nikajiona meno. Matairi kwa rangi ya viatu. Siku ya tatu nikaingia kwenye rangi yenyewe, msasa wa maji kwanza, kwa mkono mwepesi, halafu pasta, halafu nta, kipande kwa kipande, boneti, paa, mbavu. Na ile bluu ikatoka, yaya! Ilikuwa imelala chini ya chokaa yote ile. Nilikuwa nimesahau bluu inaweza kuwa namna ile.

Mchana wa siku hiyo ya tatu niliweka shavu kwenye boneti, nikaitazama kwa upande, nikasema kwa sauti, peke yangu uani: "Yangu." Sikusema "nitaitunza." Nilisema yangu, na nikafurahi, na nikapiga mluzi.

Na ninyi mlikuwa wapi? Stesheni. Nilijua. Watu walikuwa wanapita kwangu wakisimulia: familia zimelala kwenye changarawe chini ya mashuka, maji hakuna, watoto wanaharisha. Ni mwendo wa dakika ishirini kutoka kwangu. Nilikuwa na nusu gunia la unga ulilonipa wewe mwenyewe wiki moja kabla. Sikuja, kwa sababu nilikuwa na kazi.

Siku ya nne ilibaki kazi moja tu, mlango wa dereva. Herufi nilikwishaziondoa kwa msasa, lakini jina halikutoka. Sikiliza, hili wewe utalielewa kuliko wengine. Chini ya rangi nyeupe ile bluu haikuwahi kuona jua miaka sita, kwa hiyo ilibaki nzito, na pembeni yake bluu iliyopauka. Ukisimama mbele huoni kitu. Ukitazama kwa upande unasoma NGALULA, imeandikwa kwa kivuli. Ilibidi nisugue mlango wote, nirudie, nirudie tena, mpaka bluu zote mbili ziwe moja. Na pasta juani haina subira. Ukiiacha katikati inauma rangi, unaanza upya.

Nilikuwa hapo hasa uliposema hodi.

Ulikuwa umemshika Ngalula mkono. Midomo yako ilikuwa imepasuka. Uliitazama pikapu, mara moja tu, na najua ulielewa, kwa sababu hukuuliza lolote juu yake.

"Ndugu," ukasema, "minakuya kukuachia mutoto. Eko na homa. Kule gare, pa treni, bantu banakufa, mayi hakuna. Kwetu mutoto ni wa mama, na we ni mujomba. Sema ni wako, hakuna mutu atamugusa."

Halikuwa neno gumu. Mtaa mzima ulinisikia nikilisema kwenye ubatizo nikiwa na bia mkononi.

"Ngoja nimalize mulango," nikasema. "Pasta itakauka."

Nawe ukangoja. Mungu wangu, ulingoja! Ulisimama pale juani kama mteja, mikono mbele, hukukaa kwa sababu sikukupa kiti. Ngalula akakuponyoka akaja karibu nami. Masista walikuwa wamemfundisha kusoma mwaka ule ule. Akainamisha kichwa pembeni, kama wewe, akaweka kidole kwenye mlango na kufuata kivuli, herufi moja baada ya nyingine, akatabasamu. "Mujomba, hapa banaandika mi."

"Toa mukono," nikamwambia. "Utachafua."

Akautoa. Kidole chake kilikuwa cha moto, kiliacha jasho kwenye bati, nikalifuta kwa kitambaa. Ukamvuta kwako bila kunikaripia. Halafu ukainama, ukaweka shavu karibu na mlango, ukatazama kwa upande, na kwa sauti ile ile ya Jumapili ukasema: "Umeacha wingu. Chini ya kitasa."

Nikachuchumaa nisugue chini ya kitasa. Nilipoinuka hamkuwepo.

Hivyo ndivyo nilivyomweleza mama yetu, na hivyo ndivyo nimewaeleza watu wote tangu siku ile. Monika alikuja kuaga, nilikuwa kazini, nilipogeuka ameshaondoka, alikuwa anawahi treni. Mama alikufa akiamini. Lakini hapakuwa na treni siku ile. Mlikaa stesheni siku nyingine tisa. Nilikuwa na siku tisa za kuja kumchukua mtoto, na mlango ulikuwa umekwisha.

Habari ilifika miezi kadhaa baadaye, kwa mchuuzi mmoja Mwislamu aliyekuwa anasafirisha nguo kupitia njia ile. Alikuja kwangu kung'arisha gari lake, tukawa tunazungumza. Akasimulia kwamba katika behewa lao kulikuwa na mama mmoja wa huku, mwenye mwanya na kovu la moto kwenye kiwiko, aliyemfuata mume Mkasai. Mtoto wake alikata roho baada ya Kamina. Mama akakataa kumtoa mgongoni. Siku mbili. Mwishoni treni iliposimama kwenye kituo kidogo wanaume wakamsihi, mumewe akamfungua kitenge, wakachimba kando ya reli kwa sufuria na kipande cha bati.

"Mutoto wa miaka ngapi?" nikauliza.

Akaweka mkono hewani, akanionyesha kimo.

Nikamuuliza jina la kituo, akasema amesahau, ni vingi. Nikamaliza gari lake. Nilifanya kazi nzuri, alinisifu. Sikulia, yaya. Nilijaribu nilipobaki peke yangu, nikakunja uso, hakuna kilichotoka.

Watu wangependa kusikia kwamba pikapu ile iliniua. Haikuniua. Haikupinduka, haikuibiwa, haikupata hata pancha mbaya. Nilibeba nayo magunia ya mawe ya kijani ya shaba kutoka Mutoshi miaka kumi na moja. Nilioa nayo, ikiwa na maua kwenye boneti. Watoto wangu wamejifunzia kutembea wakishika bampa lake. Shemeji hakurudi kuiuliza, na sikuwahi kumtafuta. Mwishowe nilimwuzia mtu wa Dilolo akavuka nayo Angola, ingali inang'aa.

Sasa Wakasai wengi wamerudi. Wana maduka, wana magari, tunasalimiana. Mmoja ananiletea gari lake kila mwezi na kuniita tata, kama baba yake. Hatuzungumzii yale. Mimi namwoshea, nampigia nta, namrudishia funguo. Usidhani nateseka kutwa kucha. Nalala vizuri. Jambo hili linanijia tu ninapofika kwenye mlango wa dereva, na magari yote yana mlango wa dereva.

Nitakuambia na hili, kwa sababu barua ni yangu: nakukasirikia. Kwa nini hukupiga kelele? Mdomo ulikuwa nao. Ungenitukana, ungenipiga ndoo ya kichwa, ungemwacha mtoto chini pale vumbini ukakimbia, ningefanyaje? Ningemtupa? Nisingeweza mbele ya majirani. Wewe na adabu zako! Uliona tangu mwanzo mimi ni mtu wa namna gani, ulinilea, ulinifuta kamasi, halafu siku moja tu niliyotakiwa kulazimishwa ukanisubiri kwa heshima. Miaka yote hii nimekuwa nikikugombeza moyoni, na unakataa kunijibu.

Nilikuwa na ombi, ndilo lililonifanya niandike. Wewe unakijua kile kituo. Mwambie mtu yeyote anayekuja huku, anitajie jina la kituo hicho tu, si lazima asalimu. Kwetu mjomba ndiye anayeweka udongo wa kwanza, na mimi sikuweka. Kama hutaki kunipa jina la kituo, una haki, na nitaacha kuuliza.

Lakini huwezi kuamua bila kujua yote, na lipo moja ambalo hata wewe huna hakika nalo, kwa kuwa ulikuwa umenipa mgongo. Niliwaambia watu kwamba nilipogeuka mmeshaondoka. Uongo. Nilikuwa bado nimechuchumaa nilipolisikia lango langu la bati likikwaruza chini. Nilimsikia Ngalula anauliza, "Mama, sibakie?" Nilikusikia ukimwambia, "Twende." Na nilihesabu haraka haraka kichwani, kama mtu anayejua anachofanya: mtoto huyu akibaki hapa uani, kila atakayepita atamwambia hii ni motokari ya papa, yaani ya baba yake. Kwa hiyo sikugeuza shingo.

Na chini ya kitasa, yaya, hapakuwa na wingu. Palikuwa pasafi. Nilipaona mara tu nilipoinama. Uliona nimekwisha kuamua, ukanipa kazi ya kunifichia uso, nami nikaipokea, nikasugua mahali pasafi mpaka nikasikia lango limefungwa.

Kaa salama huko uliko, kama upo.

Mdogo wako wa tumbo moja,
mjomba wa Ngalula